Katambuga za Tabora: zinauweza mwiba wa mgunga, haziuwezi wa taa

Anayenunua katambuga, yaani viatu vya tairi, Tabora mjini huwa na mwiba mmoja tu akilini, nao ni wa mgunga. Ni mchungaji wa Igunga au Nzega, mwokota kuni, au mrina asali anayekatiza mbuga kabla hajaifikia miombo. Ila viatu husafiri na mwenyewe. Jozi iliyovaliwa zizini hupanda treni ya reli ya kati, hushuka Dar es Salaam, na Jumapili huingia baharini kwa imani kwamba soli iliyomshinda mgunga haishindwi na chochote chenye ncha. Baharini kuna taa. Samaki huyu ana mwiba wake mkiani, na mwiba huo haufuati kanuni za mgunga hata kidogo.

Kwa mwenye haraka: kwa ajili ya mgunga, nunua. Kwa ajili ya taa, usizitegemee. Soli hukinga kinachotoka chini, na mwiba wa taa haupiti chini.

Mwiba wa kwanza

Mgunga unaozungumzwa hapa ni ule wa matawi yaliyotandaa bapa juu, Vachellia tortilis. Vitabu vya zamani viliuita Acacia tortilis. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa kundi la miti ya Australia, na migunga mingi ya Afrika ikahamia Vachellia au Senegalia. Sokoni hakuna anayejali hilo, ila anayetafuta habari za mti huu atayakuta majina yote mawili.

Tawi moja la mgunga huu hubeba miiba ya namna mbili. Kuna mirefu, myeupe, iliyonyooka, inayoweza kufika sentimita 8 hivi. Kuna na mifupi ya milimita chache, iliyopinda ncha kurudi nyuma. Yote hukaa miwili miwili, mmoja huku na mwingine kule. Mpangilio huo ndio unaowatesa watembeao: kipande cha kijiti kikianguka chini, hata kikilala vipi, mara nyingi kuna mwiba unaotazama juu. Mwiba uliochomoka peke yake hauna hatari kubwa, kwa sababu ukikanyagwa huanguka ubavu. Unaochoma ni ule ambao bado umeshikwa na kijiti, kwa kuwa kijiti huuzuia usilale.

Watu huogopa porini, lakini mahali pabaya zaidi ni mlangoni pa zizi. Ua wa miiba hujengwa kwa matawi ya mgunga yaliyokatwa, na kila asubuhi na jioni tawi la kufungia lango huburutwa. Vipande hukatika, hukauka, hukanyagwa na ng'ombe na kuzama kwenye samadi. Mwiba mkavu ni mgumu kuliko mbichi, na samadi ni makazi ya vijidudu vya pepopunda. Kiatu kinachostahili kusifiwa Tabora ni kile kinachopita mtihani wa lango la zizi.

Mbuga za udongo mweusi, kama zile za Wembere, zina ndugu mfupi wa mti huu, Vachellia drepanolobium. Una vinundu vilivyovimba kwenye shina la miiba, na ndani yake huishi sisimizi wakali. Katambuga huizuia miiba yake vizuri. Sisimizi hawazuiliki, kwa kuwa vidole viko wazi.

Bidhaa yenyewe

Soli ya katambuga hukatwa kwenye uso wa tairi lililochakaa, sehemu iliyokuwa ikigusa barabara. Mikanda hukatwa kwenye ubavu wa tairi au kwenye tyubu. Vyote viwili hushikanishwa kwa misumari mifupi. Hakuna uzi wa kushonea, na kwenye kazi nyingi hakuna gundi. Kwa hiyo tofauti ya jozi nzuri na mbaya iko katika mambo matatu tu: tairi gani, mkanda umefungwaje, na msumari umeishia wapi.

Tairi ndilo la kwanza. Tairi la nailoni lina matabaka ya nyuzi ndani ya mpira. Tairi la waya, ambalo siku hizi limejaa kwenye malori na mabasi, lina mikanda ya chuma chini ya kashata, yaani meno ya uso wa tairi. Kwa kuzuia mwiba pekee, la waya linashinda bila ubishi, kwa sababu ncha ya mgunga hukwama kwenye chuma. Lakini chuma hicho kinapokatwa kwa kisu, miisho ya waya hubaki wazi pembeni mwa soli. Maji na samadi huileta kutu, mpira huachana na waya, na baada ya muda nyuzi nyembamba za chuma huchomoza ndani, chini ya kisigino au kando ya kidole gumba. Mtu anajikuta ameukwepa mwiba wa mti kwa kununua mwiba wa chuma. Kwa mchungaji wa kutwa nzima, nailoni nene ni bora. Ya waya inafaa kwa kazi fupi zenye miiba mingi, kama kusafisha shamba au kujenga ua, na iwe na utandiko wa tyubu juu.

Unene wa soli uwe sentimita moja hadi moja na nusu, ukipimwa chini ya kisigino na chini ya vidole. Mafundi wengine hubandua matabaka ili soli ipinde kirahisi dukani, na mteja hufurahia wepesi. Wepesi huo umelipiwa kwa nyuzi. Soli iliyobanduliwa sana hubaki mpira mtupu, na mpira mtupu hautoboki kirahisi kwa kitu butu lakini ncha kali hupenya. Kazi ya kuzuia hufanywa na nyuzi.

Angalia pia mpindo. Tairi la bodaboda ni jembamba, na soli yake hupinda kama mtumbwi. Mguu hukaa kwenye bonde, kingo hupanda juu, na mtu hutembea kwa kuyumba. Wauzaji husema itanyooka ikivaliwa. Hunyooka kidogo, lakini mpindo hauishi. Tairi la lori au trekta lina uso mpana na bapa, na soli yake hutulia chini. Bodaboda zimekuwa nyingi na matairi yake yanapatikana kirahisi, hivyo usishangae ukikuta nusu ya meza ni hizo.

Jinsi ya kukagua kabla ya kulipa

Chukua kipande cha sumaku kutoka spika mbovu, ukipitishe kwenye kingo za soli. Kikinasa, kuna waya, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni nailoni. Halafu pitisha kitambaa chepesi au ukingo wa khanga ndani ya kiatu, taratibu, kutoka kisigino hadi vidoleni na kurudi. Kitambaa kikinasa mahali, pana waya au msumari. Usitumie kiganja, maana waya wa tairi huingia kwenye ngozi na kukatikia humo.

Pindua kiatu utazame mikanda. Ufungaji mzuri hupitisha mkanda kwenye tundu lililotobolewa pembeni mwa soli, kisha mkanda hupigiliwa kutokea upande na ncha ya msumari hukunjwa. Ufungaji wa haraka hubandika mkanda ubavuni mwa soli na kuupigilia msumari mmoja tu. Huo hung'oka mguu ukijikwaa. Misumari miwili kila mkanda ndiyo kiasi cha chini, nayo isiwe kwenye mstari mmoja unaofuata urefu wa nyuzi, kwa kuwa mpira hupasuka kufuata mstari huo. Vichwa vya misumari vizame. Kichwa kilichochomoza ubavuni kitakata kifundo cha mguu wa pili wakati wa kutembea.

Soli izidi mguu kwa upana wa kidole pande zote. Hili watu wengi hulipuuza kwa sababu kiatu kipana kinaonekana cha kishamba. Mwiba wa mgunga hauji tu kutoka chini kabisa. Mguu ukiteleza kando kwenye kijiti, mwiba huinuka na kupita ukingoni. Soli iliyokatwa sawasawa na mguu huacha kidole kidogo nje mara tu mkanda unapolegea, na mkanda hulegea. Ndiyo maana mkanda wa mbele ubane kidogo siku ya kwanza, na lazima pawe na mkanda wa nyuma ya kisigino. Katambuga isiyo na mkanda wa nyuma ni ya kuendea bafuni.

Linganisha jozi pia. Weka viatu viwili juu ya meza, soli kwa soli. Vikikatwa kwenye matairi tofauti, unene hutofautiana, na nyonga ndiyo itakayolipa.

Kinachoharibika, na sababu yake

Lalamiko linalosikika sana ni hili: "Nimechomwa ndani ya kiatu, na hakuna mwiba." Mwiba upo. Mpira hubana kilichouingia. Mgunga huingia kwenye soli, hukatikia chini kwa kusuguliwa na ardhi, na kipande kilichobaki hakionekani nje wala ndani. Kila hatua hukisukuma juu kidogo, hadi siku kinapotokeza ncha ndani ya kiatu, labda mbali kabisa na mti wowote. Kwa hiyo, baada ya siku ya zizini, kunja soli kwa nyuma ili vitundu vya chini vifunguke, na uvute vipande kwa plaizi yenye ncha nyembamba. Kipande kisichoshikika husukumwa kutoka ndani kwenda nje kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kukiacha kwa kuwa hakijauma ndiko kunakoleta jeraha.

Miiba mifupi iliyopinda ni habari nyingine. Hii haichomi soli, hunasa. Hunasa mikanda, hunasa ngozi ya juu ya mguu, na anayejivuta kwa nguvu huchanika. Kwa miiba hiyo katambuga haina msaada wowote. Kinachosaidia ni kurudi nyuma hatua moja ili ncha ijifungue yenyewe.

Kasoro mbili ndogo. Mwezi wa Oktoba mpira mweusi ukiachwa juani unaunguza, kwa hiyo viatu vivuliwe kivulini. Na unyayo uliolowa huteleza juu ya soli laini. Mwombe fundi achanje mistari ya kina cha milimita mbili upande wa ndani, kazi ya dakika chache ambayo mafundi wengi huifanya wakiombwa.

Mwiba ukishapenya hadi kwenye nyama, vuta kwa mwelekeo ulioingilia, kisha tazama ncha. Kama imekatika, kipande kimebaki. Osha kwa maji mengi na sabuni, na usichimbe kwa kisu. Mwiba wa mgunga hauna tezi ya sumu. Madhara yake hutokana na uchafu na kipande cha mti kinachobaki, hasa kikiwa kwenye kiungo, ambapo uvimbe unaweza kurudi wiki kadhaa baada ya jeraha kufunga. Hospitalini sema wazi kwamba ulichomwa na mti. Mti hauonekani vizuri kwenye eksirei, na ultrasaundi huuona vizuri zaidi. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mwiba wa pili

Taa wa kulinganishwa hapa ni yule mwenye madoa ya buluu, Taeniura lymma, anayepatikana kwenye miamba ya matumbawe ya pwani yetu. Upana wa mwili wake hufika sentimita 35 hivi. Ana mwiba mmoja au miwili juu ya mkia. Kwake miiba hiyo imekaa mbali na shina la mkia kuliko kwa taa wengi, hivyo anaweza kuirusha hadi mbele ya mwili wake. Mwiba wenyewe una meno yanayotazama nyuma pande zote mbili, na umefunikwa na ngozi laini yenye sumu. Ukiingia, ngozi hiyo hupasuka na sumu hubaki kwenye jeraha. Ukitoka, meno huchana.

Taa hashambulii watu. Hupiga akikanyagwa au akibanwa. Huyu wa madoa ya buluu hajifukii sana mchangani. Maji yakitoka hujibanza chini ya miamba, na yakijaa hutoka kutafuta chakula kwenye mchanga na nyasi za baharini. Ndugu zake wengine hujifukia, yakabaki macho tu. Kwa vyovyote, mguu hushuka juu ya mwili bapa, na mkia huinuka na kupiga juu ya unyayo, kwenye kifundo cha mguu au kwenye muundi. Tazama sasa katambuga: sehemu hizo zote ni mikanda miwili na hewa. Soli nene ya lori, ile iliyostahili sifa zote hapo juu, imekaa upande ambao mwiba haufiki.

Ina madhara pia. Mguu mtupu huhisi kitu laini kikitikisika na kuruka. Soli ngumu haihisi, na mtu humaliza kukanyaga kwa uzito wake wote. Mpira wa tairi huzama majini, mchanga mlaini huunyonya, na mkanda wa nyuma uliozoea nchi kavu huteleza ukilowa. Anayepigana na kiatu chake kwenye maji ya magotini hatazami anapokanyaga.

Wavuvi wa pwani hutumia mwendo badala ya kiatu: kuburuta miguu mchangani bila kuinyanyua, au kupapasa kwa fimbo mbele. Taa huhisi mtikisiko na kuondoka. Kama ni lazima kuvaa kitu kwa ajili ya matumbawe na fuu, kiwe kiatu kilichofungwa kinachopanda juu ya kifundo, ukijua kwamba mwiba wa taa unaweza kupenya hata mpira wa gambuti.

Huduma ya kwanza ya taa haifanani na ya mgunga. Sumu yake huharibiwa na joto. Mguu uliochomwa huoshwa, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi kwa dakika 30 hadi 90, yakiongezwa yanapopoa. Wasio na kipimajoto wajaribu kwa mkono mzima usiojeruhiwa: yawe ya moto kadiri mkono unavyovumilia bila kuungua. Mguu wenye maumivu usitumike kupimia, kwani hautajua kama unaungua. Baada ya hapo ni hospitali, kwa ajili ya vipande vilivyobaki, pepopunda na maambukizi. Huku eksirei husaidia, maana mwiba wa taa umeundwa na kitu kinachofanana na jino. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe kabisa njiani. Steve Irwin wa Australia alifariki mwaka 2006 kwa mwiba wa taa kifuani.

Na Kigoma je?

Ziwa Tanganyika halina taa. Anayeshuka Kibirizi au Katonga hana sababu ya kuburuta miguu. Anachoweza kukanyaga mwaloni ni ngogo, samaki mwenye miiba migumu ya mgongoni na mapezini ambayo hubaki imesimama hata akishakufa. Huyu humchoma mtu kutoka chini, kwa hiyo katambuga inafaa kabisa nchi kavu ya mwalo, panapochambuliwa nyavu. Tatizo la Kigoma ni maji: soli za waya hushika kutu mapema, hivyo huko chagua nailoni bila kusita, na mikanda iwe ya ubavu wa tairi. Mikanda ya tyubu ikilowa kila siku hurefuka.

Kuhusu washindani wake, maneno machache yanatosha. Ndala hupenywa na mgunga mara moja. Yebo yebo zinapendeza na zinaelea, lakini plastiki yake hupasuka pale mwiba ulipoingia. Gambuti hulinda muundi dhidi ya miiba iliyopinda, na masika ni bora kuliko katambuga, ila kiangazi mguu huiva humo. Buti la ngozi lenye soli nene linazishinda zote kwa mgunga. Bei yake ndiyo inayowarudisha watu kwenye meza ya matairi.

Matunzo

Mkanda ndio hufa kwanza, na kuubadilisha ni kazi ndogo. Chomoa misumari kwa plaizi, usitumie tundu za zamani, pigilia upya umbali wa sentimita moja kando. Utandiko wa tyubu hubandikwa kwa gundi ya viraka vya baiskeli: sugua pande zote mbili kwa msasa, paka gundi nyembamba, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda kingoni. Wanaobandika gundi ikiwa mbichi huona utandiko umekunjamana kabla ya wiki kuisha.

Soli huisha kisigino kwanza. Nyuzi zikianza kuonekana upande wa chini, ulinzi umepungua hata kama kiatu bado kinavalika, na mtu wa zizini atafute nyingine. Iliyochakaa haitupwi: hukatwa ikawa bawaba za mlango wa banda la kuku, mradi misumari yote itolewe kwanza.